Utungaji kama Utafiti: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Pwani Anayetaka Kuandika Tasnifu ya Kubuni

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliye Mombasa au pwani ya karibu, aliyemaliza shahada ya kwanza, anayetunga mashairi, hadithi au tamthilia kwa Kiswahili, na ambaye angependa utungaji wake upokewe chuoni kama utafiti wa shahada ya uzamili au ya uzamifu. Njia hiyo ipo, ingawa haijakanyagwa sana hapa kwetu, na ugumu wake mkubwa haumo katika kutunga wala katika kusoma nadharia. Umo katika kulipata swali ambalo haliwezi kujibiwa ila kwa kutunga. Mwenye swali la namna hiyo husikilizwa hata na idara yenye shaka. Asiye nalo huishia kuwa na riwaya upande mmoja na insha ya uhakiki upande wa pili, na mtahini akauliza, kwa haki kabisa, kwa nini vitu viwili hivyo vimetiwa katika jalada moja.

Hatua ya kwanza: jua unaingia katika uwanja gani

Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani kilianza kukubali kazi za kubuni kuwa tasnifu za shahada za juu mwaka 1922, na warsha yake ya waandishi ikaanzishwa mwaka 1936. Uingereza ilifuata baadaye sana: Chuo Kikuu cha East Anglia kilifungua shahada ya uzamili ya uandishi wa kubuni mwaka 1970, kwa juhudi za Malcolm Bradbury na Angus Wilson, na shahada ya uzamifu ikaja mwaka 1987. Mikondo hii miwili ina tofauti inayokuhusu. Mkondo wa Marekani umeegemea zaidi ufundi: mwanafunzi huwasilisha diwani au riwaya, na hiyo ndiyo tasnifu. Mkondo wa Uingereza na Australia, hasa katika shahada ya uzamifu, hudai sehemu mbili, yaani kazi ya kubuni na maandishi ya kihakiki yanayoifafanua. Kwetu Afrika Mashariki, ambako idara za Kiswahili zimejengwa juu ya isimu na uhakiki, mwanafunzi hana budi kujiandaa kwa mkondo huu wa pili, kwa sababu ndio unaoweza kueleweka na watahini waliozoea kuona hoja imeandikwa kama hoja.

Mwaka 1993 Christopher Frayling, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha sanaa mjini London, aliandika makala fupi iliyogawanya utafiti katika sanaa kwa mafungu matatu, na mgawo wake bado una manufaa. Kuna utafiti kuhusu sanaa, kama vile kuchambua mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa kale wa Mombasa. Kuna utafiti kwa ajili ya sanaa, kama vile kuwahoji mabaharia wa Bandari ya Kale ili hadithi yako isikosee inapoeleza jinsi tanga linavyotwekwa. Na kuna utafiti kupitia sanaa, ambapo kitendo chenyewe cha kutunga ndicho kinachozaa maarifa. Wanafunzi wengi hudhani wanafanya fungu la tatu ilhali wamesimama katika la pili: wamekusanya habari nyingi, wakaziingiza ndani ya hadithi, wakaiita hadithi hiyo utafiti. Kukusanya ni kazi njema na ya lazima, lakini kama maarifa yote yalikuwa kwenye daftari kabla ya sentensi ya kwanza kuandikwa, basi hadithi imeyabeba tu.

Usione haya kusema katika pendekezo lako kwamba jambo hili si geni pwani. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kufanya kazi Mombasa, alitunga utenzi mzima kuhusu uundaji wa jahazi, Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, ili majina ya mbao, zana na kazi za mafundi yasipotee pamoja na mafundi wenyewe. Utenzi ule ni kumbukumbu ya msamiati, ni maelezo ya ufundi, na ni ushairi kwa wakati mmoja. Bahari yake, yaani mpangilio wake wa mizani na vina, ndiyo iliyoamua neno gani likae wapi. Mtu anayeuliza kama tungo linaweza kuwa utafiti anaweza kuonyeshwa utenzi huo kabla ya kuonyeshwa nadharia yoyote kutoka ng'ambo.

Hatua ya pili: litafute swali, na usiharakishe

Tenga muda mrefu kwa hatua hii, hata miezi mitatu, kwa sababu kila kosa la baadaye huanzia hapa. Mada si swali. “Maisha ya mabaharia wa Mombasa” ni mada, na mwanahistoria au mwanaanthropolojia ataishughulikia vizuri kuliko wewe. “Umuhimu wa Kimvita (lahaja ya Mombasa) katika fasihi” ni mada pia, tena imekaa kama kichwa cha insha ya shule. Swali la mtungaji huanzia mahali ambapo umbo na jambo vinagongana, mahali ambapo ukikaa kuandika unajikuta huwezi kuendelea kwa sababu lugha, msimulizi au bahari uliyoichagua inakataa.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho wa mwongozo ili mambo yasielee hewani. Tuchukulie mwanafunzi anayetaka kuandika riwaya fupi kuhusu nahodha mzee wa jahazi anayeanza kupoteza uwezo wa kuona na anayewaficha wenzake jambo hilo. Mwanafunzi huyo amelelewa Kibokoni, nyumbani wanasema Kimvita, shuleni amefundishwa Kiswahili sanifu. Anapoandika, nahodha wake anasema, “Mato yangu hayaoni ndia,” na mara moja kalamu inasita, kwa kuwa sentensi inayofuata ni ya msimulizi, na msimulizi anasema “macho” na “njia”. Msuguano huo una historia. Mwezi Juni mwaka 1928 mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa ulikichagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha hiyo katika maeneo yote manne yaliyokuwa chini ya Uingereza. Ushairi wa Mombasa haukuutii uamuzi ule kikamilifu: Ahmad Nassir na Abdilatif Abdalla walitunga na kuchapisha kwa lahaja yao miongo kadhaa baadaye, na wasomaji wa Kiswahili waliwapokea. Nathari ilikwenda njia nyingine. Riwaya ya Kiswahili, hata inapowekwa Mombasa, kwa kawaida husimuliwa kwa lugha sanifu, na lahaja huachiwa vinywa vya wahusika.

Sasa swali linaanza kuonekana: ni mbinu gani za usimulizi zinazoweza kuifanya Kimvita ibebe riwaya nzima, badala ya kuwa pambo la mazungumzo? Swali hili lina sifa tatu ambazo swali lako linapaswa kuwa nazo. Kwanza, mhakiki hawezi kulijibu kwa kusoma peke yake, kwani kazi za kutosha za kusomwa hazipo, na ni lazima mtu aandike ndipo ionekane nini kinawezekana. Pili, jibu lake litawafaa watu wengine, wakiwemo waandishi wa lahaja nyingine kama Kiamu, Kimtang'ata au Kimakunduchi. Tatu, linaweza kushindwa. Inawezekana kabisa kugundua kwamba mbinu fulani haifai, na ugunduzi huo ukawa na thamani. Swali lisiloweza kushindwa ni nia njema iliyowekewa alama ya kuuliza.

Njia ya kulifikia swali ni hii. Andika kurasa ishirini za kazi unayoiota, bila kuwaza chuo. Kisha zisome ukiwa na kalamu nyekundu, na kila mahali uliposita, ulipofuta mara mbili, au ulipochagua neno bila kujua sababu, weka alama. Mahali penye alama nyingi ndipo swali lilipo. Liandike kwa sentensi moja, umsomee mtu asiye msomi, fundi au mamako, na ukiona ameanza kubishana nawe kuhusu jibu, umelipata.

Hatua ya tatu: soma kama mtungaji, na uende kwenye nyaraka

Mapitio ya maandishi katika tasnifu ya aina hii hayawi orodha ya nani alisema nini. Unasoma kazi zilizokwisha kukutana na tatizo lako, na unauliza mwandishi alilitatuaje. Mwanafunzi wetu atasoma mashairi ya Kimvita akitazama namna lahaja inavyoshikamana na umbo lenyewe. Ili jambo hili lionekane, nimetunga ubeti mmoja kwa bahari ya utenzi, yenye mizani minane katika kila kipande:

Nahodha aso na mato,
hajui penye mkato,
hupitwa na lake pato,
na safari humshinda.

Badilisha “mato” iwe “macho”, na ingawa mizani imebaki minane, kina cha kipande cha kwanza kimevunjika, na mtungaji atalazimika kuviandika upya vipande viwili vinavyofuata. Katika ushairi, basi, lahaja inalindwa na kina. Nathari haina mlinzi huyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kimuundo, mbali na ile ya kihistoria, inayoeleza kwa nini riwaya ilisalimu amri upesi zaidi. Hoja kama hii haitoki katika vitabu vya nadharia. Inatoka katika kusoma kwa jicho la mtu anayejua kuhesabu silabi, na watahini huithamini kwa sababu hiyo.

Nyaraka nazo zina funzo lake. Mashairi mengi ya Muyaka, aliyeishi Mombasa hadi mnamo mwaka 1840, yalihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeshirikiana na mmishenari William Taylor mwishoni mwa karne ya 19, na hati hizo ziko London katika maktaba ya chuo cha SOAS. Kwa hiyo unapomnukuu Muyaka, kumbuka kwamba maneno yale yamepita katika kumbukumbu za watu, yakaandikwa kwa hati ya Kiarabu, kisha yakahamishiwa kwenye hati ya Kilatini, na kila kituo kiliacha alama. Mwenye kutafiti ushairi wa zamani na asijue kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu anapaswa kujifunza. Kwa aliyepitia chuo cha Kurani utotoni, kazi hiyo haichukui muda mrefu. Hapa mjini anza na maktaba iliyo ndani ya Fort Jesus, chini ya Makavazi ya Taifa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, kina hazina kubwa ya miswada, na jarida la Swahili Forum husomwa bure kwenye intaneti.

Hatua ya nne: idara, msimamizi na pendekezo

Omba nakala ya kanuni za shahada za juu za chuo unachokitaka, kiwe Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi au chuo chochote chenye idara ya Kiswahili, na uisome mwenyewe kabla ya kumwona mtu yeyote. Tafuta kama kanuni zinataja kazi ya kubuni. Zikiwa kimya, ukimya huo si ruhusa wala si katazo, na unapaswa kuuliza kwa barua, ukajibiwa kwa barua. Namjua mwanafunzi mmoja aliyeandika riwaya kwa mwaka mzima kwa kutegemea idhini ya mdomo, mwenyekiti wa idara akabadilishwa, na idhini ikaondoka pamoja naye.

Msimamizi bora ni mhakiki anayetunga au mtungaji anayehakiki, lakini watu hao ni wachache, na mara nyingi utapewa mhakiki peke yake. Hilo halina hasara ikiwa mtakubaliana mapema kwamba atasoma rasimu kama mtafiti, akikuuliza kila mabadiliko yanahusu nini katika swali lako, na kwamba utatafuta jicho la ufundi mahali pengine.

Pendekezo lenyewe liwe fupi na wazi. Taja swali, eleza kwa nini kutunga ndiyo njia ya kulijibu, onyesha utaandika nini na kwa urefu gani, na uambatishe kurasa tano za mfano. Eleza pia uwiano wa sehemu mbili. Katika vyuo vingi vya Uingereza na Australia kazi ya kubuni huchukua kati ya nusu na robo tatu ya maneno yote. Ningekushauri uombe nusu kwa nusu ikiwa idara yako ni ya kihakiki, kwa kuwa ni rahisi kuikubalisha, na kwa kuwa swali zuri litakupa mengi ya kusema katika ufafanuzi.

Hatua ya tano: vibali na haki za watu

Mtungaji hudhani kwamba kwa kuwa anabuni, maadili ya utafiti hayamhusu. Yanamhusu sana. Ukiwahoji manahodha, mafundi au kina mama kwa ajili ya tasnifu, unahitaji idhini ya kamati ya maadili ya chuo na leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya Kenya ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, ambayo huombwa kwa njia ya mtandao. Sauti na majina unayoyarekodi ni habari za mtu binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ukichukua simulizi, wimbo au tendi ya jamii, soma Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016, inayotambua haki ya jamii juu ya mali hiyo.

Karatasi hizo ni nusu tu ya shughuli. Nusu ya pili ni adabu. Usimwendee mzee na fomu mkononi siku ya kwanza. Nenda baada ya alasiri, toa salamu, mwite ami kama umri wake unataka hivyo, kaa barazani, kunywa kahawa, na useme wewe ni mtoto wa nani. Siku ya pili au ya tatu ndipo ueleze kwamba unaandika kitabu cha kubuni, na uliseme jambo hili kwa maneno yasiyo na utata: “Nitayachukua maneno yako nimpe mtu ambaye hayupo duniani, na mtu huyo huenda akafanya mambo ambayo wewe hungeyafanya.” Wapo watakaocheka na kukubali, na wapo watakaokataa, na waliokataa waachiwe maneno yao. Ridhaa ya kuhojiwa na ridhaa ya kubuniwa ni mambo mawili, na fomu za vyuo huwa na ya kwanza tu, kwa hiyo ongeza ya pili wewe mwenyewe.

Hatua ya sita: tunga, na uweke shajara ya utungaji

Hapa ndipo utafiti unapofanyika, na hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza ushahidi wao. Kazi ya kubuni ikikamilika huficha njia iliyopitia, kama jahazi lililokwisha kupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, lisivyoonyesha ni wapi lilipokalafatiwa, yaani lilipozibwa nyufa. Kinachohifadhi njia hiyo ni shajara. Kila siku unayoandika, kabla ya kufunga daftari, andika tarehe, ulichokusudia, kilichotokea, na badiliko moja ulilolifanya pamoja na sababu yake. Mistari sita au saba yatosha. Usiandike kwamba umechoka au umefurahi ila kama hali hiyo imebadilisha maandishi. Hifadhi pia kila rasimu katika faili lake lenye tarehe, wala usiandike juu ya ile ya zamani, na weka nakala mahali pawili.

Fanya majaribio ya makusudi. Mwanafunzi wetu atachagua tukio moja, alfajiri moja bandarini, nahodha na kijana wake wakingoja maji yajae, na ataliandika mara tatu. Katika toleo la kwanza kila kitu ni sanifu. Akilisoma ataona kwamba tukio linaeleweka, lakini nahodha anasema kama mwalimu anayesoma imla, na uficho wake hauna joto, kwa maana mtu aliyeficha upofu wake huuficha kwa lugha ya nyumbani. Katika toleo la pili msimulizi ni sanifu na wahusika wanasema Kimvita. Mazungumzo yatapata uhai, lakini shajara itaonyesha jambo ambalo hakulitazamia: kila baada ya kauli ya nahodha, msimulizi ameongeza sentensi inayoirudia kauli hiyo kwa lugha sanifu, bila mwandishi kukusudia. Msimulizi amegeuka mkalimani. Anasimama kati ya nahodha na msomaji kama karani wa mahakama, na nahodha, ambaye hadithi ni yake, amekuwa mtu wa kutolewa ushahidi.

Katika toleo la tatu msimulizi naye anasema Kimvita. Zile sentensi za ukalimani zinatoweka zenyewe, kwa kuwa hakuna tena wa kutafsiriwa. Lakini hadithi inapofika mahali nahodha anapokwenda hospitali kupimwa macho, na kuna fomu ya kujazwa, lugha ya fomu haiwezi kuwa Kimvita. Kiswahili sanifu kinaingia ukurasani kama mgeni mwenye kofia, lugha ya karatasi, na kwa mara ya kwanza ndicho kinachoonekana kuwa na lafudhi. Kijana anamsomea mzee, “Macho yako yana mtoto wa jicho,” na mzee anauliza, “Mato?” Neno hilo moja linabeba ukurasa mzima.

Hicho ndicho kilichopatikana kwa kutunga. Swali lilikuwa jinsi ya kuifanya lahaja ibebe riwaya. Utungaji umeonyesha kwamba jibu liko katika kukigeuza Kiswahili sanifu kuwa usemi wa mhusika, wenye mahali pake na mamlaka yake, badala ya kukiacha kiwe hewa ambayo haionekani. Mwanafunzi asingelijua hili kwa kusoma, na huenda asingelikumbuka bila shajara, kwa maana baada ya mwezi mmoja toleo la tatu lingeonekana kama lililokuwapo tangu mwanzo.

Wahenga walisema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kila baada ya sura, rudi kwenye swali lako na ulisome tena kwa sauti. Ikiwa maandishi yamelipita, libadilishe swali na uliandike badiliko hilo katika shajara pamoja na tarehe, kisha umwarifu msimamizi. Kubadilika kwa swali ni matokeo halali, mradi uonyeshe lilibadilishwa na nini.

Hatua ya saba: wasomaji wa kwanza

Warsha ya Iowa ilijengwa juu ya desturi ya mwandishi kukaa kimya huku wenzake wakiijadili rasimu yake. Mombasa ina desturi nyingine ya kale zaidi, ya kujibizana, ambapo shairi lilijibiwa kwa shairi, na Muyaka alikuwa bingwa wa majibizano hayo. Ningependekeza uzitumie zote mbili. Kusanya watu watano, wakiwemo wawili wasiotoka pwani, wape kurasa siku tatu kabla, kaa kimya kwa nusu saa ya kwanza, na uandike ni wapi kila mmoja alikwama. Kisha mwombe mmoja wao akujibu kwa utungo: aandike ukurasa mmoja wa kuendeleza au kupinga tukio lako. Msomaji wa kutoka bara akijaribu kuandika kauli ya nahodha, makosa yake yatakufundisha ni alama zipi za lahaja zinazosikika na zipi zinazopita bila kuonekana. Omba ridhaa ya maandishi kabla ya kuyataja maoni yao katika tasnifu.

Hatua ya nane: andika ufafanuzi

Ufafanuzi ni sehemu ya kihakiki inayoandamana na kazi ya kubuni, na una maadui wawili. Wa kwanza ni maelezo ya nafsi: nilizaliwa wapi, nilipenda hadithi tangu utotoni, nilihisi nini nilipomaliza. Wa pili ni uhakiki wa kazi yako kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, ukijisifia ishara na maudhui. Mtahini hahitaji kuambiwa kwamba jahazi katika riwaya yako linaashiria maisha. Anahitaji kujua ni tatizo gani lilikuwapo, uamuzi gani ulifanywa, ni kipi kilichokataliwa, na tunajua nini sasa ambacho hatukukijua kabla.

Tazama tofauti hii. Sentensi dhaifu: “Nimetumia Kimvita ili kuienzi lugha ya wazee wangu na kuipa riwaya ladha ya pwani.” Nia ni nzuri, lakini haina cha kuthibitishwa wala kupingwa. Sentensi yenye nguvu: “Katika rasimu ya pili, msimulizi aliirudia kwa lugha sanifu karibu kila kauli ya nahodha; nilipoihamisha sauti ya msimulizi kwenye Kimvita, marudio hayo yalikosa kazi, na Kiswahili sanifu kikabaki katika matukio ya ofisini peke yake.” Hii inaweza kukaguliwa kwa kulinganisha rasimu mbili, na kwa sababu hiyo ni utafiti.

Panga ufafanuzi kwa kufuata matatizo, usifuate sura za riwaya. Sura ya kwanza iweke swali na historia yake, ukianzia mkutano wa 1928. Ya pili ilinganishe namna ushairi na nathari zilivyoishughulikia lahaja. Ya tatu, iliyo ndefu kuliko zote, itoe majaribio yako, ukinukuu rasimu na shajara bega kwa bega. Ya nne iseme nini kinaweza kuchukuliwa na waandishi wengine na ni wapi mbinu yako inakoma. Nadharia iingie pale inapolifungua tatizo. Ukiona aya ya nadharia inaweza kuondolewa bila chochote kuanguka, iondoe. Tena, epuka kuandika ufafanuzi wote mwishoni. Andika kurasa tatu kila baada ya sura ya kubuni, hata zikiwa mbaya, kwa sababu ufahamu wa uamuzi hufifia haraka.

Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania aliyetahiniwa kwa shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985 kwa tasnifu kuhusu falsafa na ufasiri wa fasihi, alichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 riwaya fupi mbili, Nagona na Mzingile, ambazo wahakiki wengi wamezisoma kama mawazo yale yale yaliyopewa umbo jingine. Hoja na riwaya zilikaa katika majalada tofauti. Huwa nawaza ni mambo gani tungejifunza kama angeandika pia, kwa mkono wake, namna moja ilivyozaa nyingine.

Hatua ya tisa: kutetea, kuhifadhi na kuchapisha

Siku ya kutetea tasnifu, tarajia maswali mawili ambayo huulizwa karibu kila mahali: kwa nini jambo hili halikuweza kufanywa kwa insha ya kawaida, na utajuaje kwamba mbinu uliyoichagua ilikuwa bora kuliko nyingine. La kwanza hujibiwa na swali lako, la pili na matoleo yako matatu. Nenda na rasimu hizo zimechapwa, na uwe tayari kuzisoma kwa sauti. Ukisoma kauli ya nahodha, isome kama inavyosemwa Kibokoni.

Vyuo vingi huweka tasnifu katika hifadhi ya wazi ya kidijitali, na mchapishaji anaweza kusita kuichukua riwaya ambayo tayari inapatikana bure. Kabla ya kukabidhi nakala ya mwisho, omba kwa maandishi kwamba sehemu ya kubuni icheleweshwe kwa miaka miwili au mitatu, na ufafanuzi uachwe wazi. Nchini Kenya hakimiliki ya kazi ya fasihi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na huwi nayo kwa sababu ya kusajili. Hata hivyo, usajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya hukupa ushahidi ukihitajika. Hakikisha kanuni za chuo hazikunyang'anyi haki hiyo kwa kifungu kilichofichwa katika fomu ya usajili.

Nakala ya kwanza iliyojalidiwa ipelekwe kwa wazee waliokupa maneno. Ikiwa mmoja wao haoni tena, kaa naye barazani umsomee, na weka shajara karibu, maana atasahihisha.